Maganda ya Chumba cha Uani

Sauti ile haikuwa ya jini wala ya mwizi. Ilikuwa ya mumewe.

"Ukisukuma tena, mke wangu, utanizika nikiwa hai!"

Fundi alibaki bega kaliegemeza mlangoni, pumzi zikimpanda na kumshuka. Siku kumi na moja alikuwa ameusaka ufunguo wa chumba cha uani. Leo kaupata, kauingiza kitasani, na mlango umefunguka upana wa vidole viwili kisha ukatia ngumu. Sasa sababu ya ugumu huo ilikuwa ikimsemesha kutoka upande wa pili.

"Baba Watoto! Umeingiaje humo?"

"Kwa dirisha."

"Na miaka yako sitini na mitatu?"

"Dirisha halikuniuliza umri."

"Basi toka!"

"Sitoki. Nikitoka mimi, yatatoka na haya."

Haya aliyoyasema yalikuwa maganda ya risasi. Ndani ya chumba kile hapakuwa na kitanda, kiti wala mkeka. Palikuwa na maganda: kwenye makopo ya maziwa, kwenye makopo ya rangi, kwenye sufuria zilizokatika masikio, kwenye soksi za sare zilizofungwa fundo zikavimba kama chatu aliyemeza mbuzi. Mapya yaling'aa manjano. Ya zamani yalikuwa yameota kutu ya kijani. Mumewe alikuwa mwangalizi wa uwanja wa shabaha kwa miaka thelathini, hadi alipostaafu miezi mitatu iliyopita, na katika miaka hiyo hakurudi nyumbani hata siku moja na mfuko mtupu. Waume wa wenzake walileta mikate. Wa kwake alileta shaba. Ndiyo maana mtaa ukambandika jina la Mzee Shaba.

Na kila Fundi alipomwuliza yana kazi gani, alijibiwa neno moja tu: "Yatafaa."

Leo ilibidi yasiwepo. Binti yao wa pekee alikuwa amejifungua mapacha kwa kupasuliwa, nyumba yake iko ghorofa ya nne, na muuguzi kamkataza ngazi kwa wiki sita. Hapa kwa wazazi wake, chumba cha kulala kilikuwa juu. Sebule ya chini ndiyo iliyokuwa kiwanda cha Fundi, mshonaji wa mtaa mzima: cherehani mbili, pini sakafuni, wateja wakiingia na kutoka tangu asubuhi. Kwa mzazi mwenye kidonda na vichanga wawili, kilichobaki ni chumba cha uani, wala hakuna kingine.

Simu ikalia mfukoni mwa aproni yake.

"Mama, nimeruhusiwa."

"Leo? Si walisema kesho kutwa?"

"Wanakitaka kitanda chao. Wifi kaenda kuita teksi. Chumba kiko tayari, sivyo?"

Fundi aliutazama upenyo ule wa vidole viwili.

"Kinapigwa deki," alisema, na moyoni akamwomba Mola amsamehe.

"Kabla ya alasiri tutakuwa tumefika. Mama, mshono unaniuma. Sitaweza kusimamasimama."

Simu ikakatika.

"Umesikia?" Fundi aliuliza.

"Nimesikia. Ni mtoto wangu pia."

"Basi fungua!"

Ganda moja likaanguka mahali, likaviringika, likatulia.

"Mama Watoto, unajua kwa nini nayaokota?"

"Kwa sababu una wazimu."

"Hiyo ni sababu ya pili. Ya kwanza hujaniuliza."

"Nimekuuliza miaka thelathini!"

"Ulikuwa ukigomba. Hukuwa ukiuliza."

Fundi aliuma meno hata taya zikamwuma. Alikuwa na saa moja, mlango uliokwama, na mume aliyechagua siku hii, katika siku zote alizojaliwa na Muumba, kuanza kusimulia.

"Haya. Nauliza. Kwa nini?"

"Uwanjani, kila risasi inayotoka ghalani lazima irudi ganda lake. Zimetoka mia, yarudi mia. Likikosekana moja, hali mtu, hanywi mtu, haondoki mtu. Makuruta hupigishwa magoti, wakachambua nyasi kwa vidole mpaka lipatikane."

"Hilo nalijua."

"Hujui la mwaka wangu wa kwanza. Lilikosekana moja. Walipiga magoti tangu adhuhuri, jua la kupasua mawe. Mmoja wao, sura yake ninayo hadi leo, aliinama kama anayesujudu. Tukadhani kaliona. Hakuinuka tena."

Fundi alisogeza sikio kwenye upenyo.

"Ganda lenyewe lilikuwa ndani ya kiatu cha mwenzake. Lilirukia humo, kijana wa watu hana habari. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha na kuyafukua maganda ya zamani, ya kabla hesabu hazijaanza, pale wanapolala wapigaji, mimi nayaokota. Yale hayamo katika hesabu ya mtu. Likikosekana moja, natia mkono mfukoni, nalidondosha nyasini, napiga kelele: hili hapa! Makuruta wanakwenda kula."

Fundi alishusha bega lake kutoka mlangoni. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa haikujua ikae wapi.

"Miaka yote hiyo, na hukuniambia."

"Ulikuwa uongo, mke wangu. Uongo wa huruma, lakini uongo. Nikaona niubebe peke yangu."

"Mume wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika zaidi ya alivyotaka, "yule amekufa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Binti yako yu hai, na yuko njiani."

Kukasikika makopo yakiburutwa. Soksi moja ilipasuka, ikamwaga shehena yake sakafuni. Baada ya muda mlango ulifunguka, na Mzee Shaba akatokeza, vumbi hadi kwenye nyusi, viganja vikinuka shaba.

"Yatoke," alisema. "Ila yasitupwe."

"Hayatupwi. Kuna mtu wa vyuma chakavu nimekwisha mwita."

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika na mkokoteni wake, akishangilia tangu getini. Fundi alimwekea kopo la kwanza mbele. Mtu yule alichota ukufi wa maganda, akaligeuza moja, akalitazama kitako chake, na shangwe ikamtoka usoni kama maji yaliyomwagwa.

"Mama, haya yana mhuri."

"Una wasiwasi gani na mhuri? Si shaba?"

"Ni shaba ya serikali, mama yangu. Nikikutwa nayo barabarani nitaulizwa risasi zake nimempigia nani. Mimi nanunua masufuria na mabomba. Nina mke mmoja na mama mkwe watatu."

"Mama mkwe watatu?"

"Dada zake wote wanajiita mama mkwe. Sitaki na askari juu yao."

Akageuza mkokoteni, akaenda zake. Aliondoka mbio zaidi kuliko alivyokuja, na Fundi akabaki uani, makopo kumi na mawili miguuni pake, yaliyosalia ndani hayana idadi, na dakika zikimwishia kama uzi kwenye bobini ya cherehani.

"Unaona sasa?" alimgeukia mumewe. "Hayauziki! Hayatupiki! Umeniokotea mzigo usio na pa kwenda!"

"Yarudi yalikotoka," alisema Mzee Shaba. "Nampigia Mtunza Ghala. Ni mtu mzuri. Atayapokea."

Mtunza Ghala wa uwanja alifika upesi, gari lake dogo la mizigo likifuatwa na vumbi lake lenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, koti na suruali vimenyooshwa, maneno yamenyooshwa zaidi, miwani safi puani. Alimwamkia Fundi kwa heshima, akamkumbatia Mzee Shaba, akauliza hali ya mapacha. Kisha akayaona makopo.

"Mzee wangu," alisema polepole, "haya yote?"

"Haya ni sehemu, afande. Mengine yako ndani."

Mtunza Ghala alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Makopo yalikuwa palepale.

"Siwezi kuyapokea."

"Huwezi vipi?" Fundi alidakia. "Si mali yenu?"

"Mama, kwenye daftari langu hakuna ganda hata moja lililopotea kwa miaka thelathini. Nikiyapokea haya, nitayaandika wapi? Nitasema yametoka wapi? Kwa karatasi, mama, maganda haya hayapo."

"Hayapo!" Fundi aliinua kopo moja kwa mikono miwili, mishipa ikamsimama shingoni, akalibwaga chini. Kishindo chake kiliwatoa njiwa juu ya paa. "Hayapo, na yamenivunja mgongo! Hayapo, na binti yangu hana pa kulala! Ingia ndani uone visivyokuwapo!"

Mtunza Ghala aliingia, pengine kwa kumridhisha tu. Mzee Shaba akamfuata. Fundi alisikia hatua zao zikikanyaga shaba, halafu akasikia zimesimama.

Zilisimama kwa muda mrefu.

Alipochungulia, Mtunza Ghala alikuwa hatazami makopo. Alikuwa akiutazama ukuta wa ndani, ule uliokuwa umefichwa na makopo tangu siku nyingi. Ukuta wote ulikuwa umeandikwa kwa mkaa, mistari kwa mistari, mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika kwenye ubao wa chuoni.

"Nini hiki, Mzee wangu?"

"Kila mara niliyojazia," alisema Mzee Shaba. "Tarehe. Maganda mangapi. Na mstari wa mpigaji uliopungukiwa, yaani njia yake ya kupigia shabaha uwanjani, kuanzia wa kwanza hadi wa nane. Uongo nimeusema. Siku Mola wangu akiniuliza, sitaki kubabaika."

Mtunza Ghala alitabasamu. Na hapo, msomaji, mambo yote yakageuka.

"Unajua," alisema, "nimefikiri upya. Kumsumbua mzazi ni dhambi. Nitayabeba yote sasa hivi. Nitajua mwenyewe pa kuyaweka."

Fundi hakuyaamini masikio yake.

"Yote?"

"Yote, mama. Mlinipokea vizuri siku zote. Ila chumba cha mtoto mchanga hakifai kuwa na kuta chafu namna hii. Una chokaa?"

Chokaa ilikuwapo, nusu ndoo, iliyobaki walipopaka jikoni. Fundi aliruka kuifuata huku akimshukuru Mungu kwa sauti. Aliikoroga, akaitia brashi, akarudi mbio huku maji yakimrukia miguuni. Alimkuta mumewe amesimama mbele ya ukuta, mikono kaitandaza.

"Ukuta hauguswi."

Nusura ndoo imponyoke.

"Nini?"

"Maganda yaende. Ukuta ubaki."

"Baba Watoto, wallahi nitakupaka wewe! Siku kumi na moja nakubembeleza! Nimepata mtu wa kubeba, nimepata gari, nimepata chokaa, na wewe umepata jambo jipya la kuning'ang'ania! Mkaa! Hata mkaa unauhodhi!"

"Nilichokidanganya kwa huruma, ushahidi wake sitaufuta kwa raha."

"Wajukuu zako watalala, hawatasoma ukuta! Hawana siku tano duniani!"

"Mama ana haki, Mzee wangu," alisema Mtunza Ghala kwa upole. "Sogea."

Fundi alichovya brashi. Aliinua mkono, akachagua pa kuanzia, pale chini palipoandikwa mwisho, ambapo mkaa ulikuwa mweusi zaidi. Na kwa kuwa jicho lake, kwa kazi ya miaka mingi, halikuweza kuona tarakimu bila kuisoma, akaisoma.

Moja. Moja. Mbili. Moja. Ukuta mzima wa moja na mbili. Halafu, mistari mitatu ya mwisho: kumi. Kumi. Kumi.

Brashi ikabaki hewani, chokaa ikimdondokea kwenye kiwiko.

"Hapa kulikuwa na nini?"

"Jumatatu tatu za mwisho kabla sijastaafu," alisema mumewe. "Mvua zilikuwa nyingi. Tuliambiwa matope yameyameza."

"Kumi kwa mara moja? Matope yale yale, mstari ule ule, Jumatatu tatu?" Fundi alikipitisha kidole juu ya mkaa. "Hapa umeandika sita, sita, sita. Mistari mingine haikupungukiwa hata na moja. Matope gani yanayochagua?"

Mzee Shaba aliisogelea tarakimu zile, akaanza kuzisoma upya.

"Mimi ni mshonaji," Fundi aliendelea, na sauti yake ilikuwa ikishuka kadiri moyo wake ulivyokuwa ukipanda. "Mteja akinipa kitambaa cha nguo mbili, nikamrudishia nguo moja na vipande vya kuokoteza, hajapoteza kitambaa. Nimemwibia. Maganda hayakupotea, Baba Watoto. Risasi hazikupigwa. Mtu alipewa kumi, akaweka kumi mfukoni, na wewe kwa huruma yako ukamjazia maganda kumi ya kale ili hesabu itimie. Mara tatu."

Rangi ilimtoka mzee. Akakaa juu ya kopo la rangi taratibu, kama mtu anayeshushwa kwa kamba.

"Thelathini," alisema. "Risasi thelathini nzima ziko mikononi mwa mtu, na mimi ndiye niliyezitoa kwa mkono wangu. Astaghfirullah. Astaghfirullah."

"Nani alikwambia ujazie?"

Mzee aliinamisha kichwa.

"Nani alikujia, akakwambia matope yamemeza, makuruta watalala na njaa, Mzee jazia? Na nani hupiga mstari wa sita?"

"Makuruta hawapigi mstari wa sita," alijibu Mzee Shaba, na kila neno lilimtoka kama jiwe. "Ule ni wa kujaribia bunduki zilizotengenezwa. Hupigwa na mtu mmoja tu."

Hakumtaja. Hakuwa na haja. Aliinua uso, akautazama uso uliokuwa karibu na mlango, na Fundi naye akageuka kutazama huko huko.

Mtunza Ghala alikuwa ameusukuma mlango kwa kisigino. Ulijifunga bila mlio. Mgongo wake sasa ulikuwa umeuegemea, na mkono wake mmoja ulikuwa umezama ndani ya koti.

"Mzee wangu," alisema, na upole wake ulikuwa haujapungua hata chembe, jambo lililotisha kuliko ukali, "miaka yote uliokota vya kuokota. Mbona ukaandika? Mama, chovya brashi. Ukuta huu ukiwa mweupe, mimi nabeba shaba yangu, nyinyi mnapata chumba, na hakuna aliyeona kitu. Si hicho ndicho ulichokitaka tangu asubuhi?"

Ndicho hasa. Hakuna mtu aliyekitaka chumba kile kuliko yeye. Alikuwa amekililia, amekigombea, amekidanganyia katika simu. Mistari mitatu ya brashi, na kingekuwa chake.

"Risasi ziko wapi?" aliuliza.

"Chovya, mama."

Gari likasimama nje. Milango ikafunguliwa, ikafungwa. Kichanga kimoja kikaanza kulia, na cha pili kikamfuata papo hapo. Nyayo za mtu anayetembea kwa kujishika tumbo zikajiburura uani, zikipita kati ya makopo.

"Mama?" Ilikuwa sauti ya binti yake, imechoka, ina furaha. "Mbona mmeyatoa nje tu? Ndio kusema chumba changu kimekuwa tayari?"

Mtunza Ghala alitikisa kichwa kumwelekeza Fundi: mjibu vizuri. Mkono wake ndani ya koti ukajisogeza.

"Mama, sitoweza kusimama zaidi. Naingia."

Siku kumi na moja Fundi alikuwa amemwomba kila mtu jambo moja tu, binti yake aingie katika chumba kile. Akaiachia ndoo, chokaa ikafurika juu ya shaba, naye akapiga ukelele wa kupasua koo:

"Mwanangu, usiingie! Kimbia! Wachukue wanao ukimbie!"

Na upande wa pili wa mlango, nyayo zikageuka kuelekea teksi, milango ikabamizwa, na kilio cha vichanga kikakatika ghafla.